Shamba Nililolifanya Mraba

Kila mwaka kidato cha pili wanapofikia mada ya kueleza vitu kwa Kiingereza, namwomba mwalimu mwenzangu anishikie vipindi. Mwaka juzi nilisema nina kikohozi. Mwaka jana nilisema nina kikao. Nadhani ameshagundua kwamba kikohozi changu na vikao vyangu vinakuja na mada ileile, lakini ni mtu mstaarabu, hajaniuliza, nami sijamwambia.

Mada yenyewe haina ubaya. Unamwonyesha mwanafunzi kitu, anataja ukubwa wake, umri wake, umbo lake, rangi yake. Kwenye umbo ndipo nilipokuwa napata raha. Wenye lugha yao wana maneno ya umbo kamili, halafu wana maneno ya umbo la kukadiria. Kitu kikikaribia duara wanasema roundish, kikikaribia mraba wanasema squarish, na maisha yanaendelea. Nilikuwa naingia darasani na kiazi, jiwe la mfereji na kipande cha sabuni kilichotumika, na watoto wanacheka. Niliwaambia kwamba hapo ndipo Kiingereza kinapoonyesha huruma, kwa sababu kinakubali kuwa vitu vya duniani havikunyooka. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe, hapa Same, saa nane mchana, upepo ukipiga mabati na mimi nikipaza sauti ili huruma hiyo isikike mpaka madawati ya nyuma. Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Kwetu ni juu milimani, Pare Kusini, saa mbili na ushee kutoka Same kama gari halijakwama. Shamba la kwetu halina umbo. Linaanzia barabarani kwenye nyumba ya baba, linateremka kwa matuta ya mawe aliyoyapanga babu. Upande mmoja linaingia ndani kukwepa mwamba, upande wa pili limepinda kufuata mfereji unaotoka kwenye ndiva, lile bwawa dogo ambalo kijiji kinakusanyia maji ya kumwagilia kwa zamu. Chini kabisa, ukishapita migomba, linabanwa na kuwa ulimi mwembamba unaoshuka mpaka kijitoni, ukingoni mwa msitu. Kwetu sijawahi kusikia mtu akiuliza shamba fulani lina umbo gani. Ukitaka kulijua shamba unatembezwa. Unafuata masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani, na anayekutembeza anakwambia hili lilipandwa na nani, mbele ya nani, baada ya ugomvi gani. Kazi ya asubuhi nzima, na magoti yanauma wiki.

Kwenye ule ulimi ndipo alipoishi shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alirudi kutoka kwenye ndoa kabla sijazaliwa, na zamani hizo binti kurudi kwao halikuwa jambo la kupigiwa vigelegele. Babu, yaani baba yao, hakumhoji. Alishuka naye chini ya migomba, akaita majirani wawili, akapanda sale upande huu na upande ule, akatamka kwamba sehemu hii ni ya binti anayerudi nyumbani, aishi hapa na akifa azikwe hapa. Kwetu hilo la kuzikwa ndilo kubwa. Mtu anazikwa kwao, kwenye ardhi yao, na mwanamke aliyeachana na mumewe hana kwao kuwili, mara nyingi hana hata kumoja. Shangazi alikuwa nako.

Nilikulia kwake kuliko kwetu. Mama alikuwa na wadogo zangu wawili waliofuatana, wote wa kiume na wote walizi, kwa hiyo mimi nilisogezwa chini kwa shangazi, ambako nililala, nikala makande yake, nikapalilia maharage yake na kulalamika kuhusu mgongo wangu. Alikuwa mkali. Ukimsalimia huku unatafuna, anakurudisha mpaka kwenye migomba ukameze, ndipo uje upya na shikamoo iliyokamilika. Hakusoma hata darasa moja, lakini jioni alikaa mlangoni akipukuchua mahindi na kuniamuru nimsomee kitabu cha Kiingereza. "Soma hayo makelele yako," alikuwa anasema. Nilipofika kwenye neno nisilolijua nikalikwepa, aliinua kichwa. "Hapo umedanganya. Sauti imeshuka." Hakukosea hata mara moja. Kidato cha kwanza nilichaguliwa shule ya bweni, na sanduku langu alilibeba yeye kichwani mpaka kwenye gari, baba akitembea nyuma na mwavuli.

Miaka michache iliyopita ukaja mradi wa kuhifadhi msitu na vyanzo vya maji. Wafadhili walikuwa ng'ambo. Nia ilikuwa njema, na kwa hilo sina ugomvi nao. Kila familia inayopakana na msitu ilitakiwa kujaza fomu ya kueleza shamba lake, kwa Kiingereza, kwa sababu watakaoisoma mwisho hawajui Kiswahili. Ardhi ambayo haitaandikwa na familia yoyote ingehesabiwa kuwa ya wazi, ya kijiji, na ingeingizwa kwenye msitu wa hifadhi. Mwenyekiti aliyasema hayo kwenye mkutano wa hadhara, akayarudia, na baba akanisimulia mimi kwa simu neno kwa neno. Naliandika hili mapema ili asije akatokea mtu wa kunitetea kwamba sikujua.

"Binti yangu, njoo utuandikie," baba alisema. "Hatuwezi kwenda kuhangaika kwa watoto wa watu wakati wa kwetu ndiyo kazi yake."

Nilipanda Jumamosi asubuhi. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ya mtu anayeitwa nyumbani kwa ajili ya ujuzi wake. Baba alitoa meza barazani, akaifuta mwenyewe, akaniwekea kiti chenye mto. Fomu ilikuwa ukurasa mmoja. Ilitaka umbo la shamba kwa mstari mmoja, mipaka, na majina ya watu wanaolitumia. Ukitaka kueleza zaidi unaomba karatasi ya nyongeza ofisi ya kijiji na kuchora ramani.

"Baba, na kwa shangazi?"

"Kwa shangazi si ni hapahapa? Wewe andika shamba letu. Mambo ya dada tutayamaliza wenyewe nyumbani."

"Wanauliza umbo."

"Waambie ni mraba."

"Si mraba, baba."

"Basi waambie ni kama mraba. Hakuna neno la namna hiyo huko kwenu?"

Lilikuwepo. Nilicheka hata, kwa sababu nilikuwa nimelifundisha mwezi huohuo nikiwa na sabuni mkononi. Nikaandika kwamba shamba letu ni squarish. Kwenye watumiaji nikaandika jina la baba na la mama, na baada yao wadogo zangu wawili ambao wanaishi Dar es Salaam na hawajui hata maharage yanapandwa mwezi gani. Baba aliniambia niwaandike, nikawaandika. Hakuniambia kwa nini dada yake asiandikwe, na sikuhitaji kuambiwa. Mwanamke akishaingia kwenye karatasi, hatoki. Akifa, sehemu yake inaweza kuulizwa ni ya nani. Baba hakuwa mtu mbaya kuliko baba wengine wa kule juu. Alitaka shamba lifike kwa wanawe likiwa zima, na mimi nikamsaidia kwa mwandiko mzuri.

Nilijidanganya kwa namna ya kisomi. Nilijiambia kwamba neno la kukadiria lina nafasi ndani yake. Sikusema mraba, nilisema karibu na mraba, na kwenye hiyo karibu shangazi anaweza kukaa na nyumba yake, magimbi yake na choo chake. Nililipenda wazo hilo. Nilisaini.

Shangazi akapanda kutoka chini, fimbo mkono mmoja, kapu mkono mwingine.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

"Na mimi umeniandika?"

Baba aliinuka akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

"Nimekuandika, shangazi."

Aliniangalia kidogo. Nilikuwa mwalimu wa miaka kumi na zaidi, nimezoea kusema mbele za watu, na sauti yangu haikushuka. Akatabasamu. Akanipa kapu zima la magimbi niende nayo Same, akaniambia niyachemshe na ndimu wala nisimpe jirani. Niliyapokea. Tuliyala mimi, mume wangu na watoto, siku tatu mfululizo, na yalikuwa matamu.

Mvua zikapita. Wakaja wapimaji wa mradi na vyombo vyao, vijana wenye haraka na viatu vizuri. Walikuwa na karatasi yangu. Mtu mwenye kipimo hajui kukadiria. Ukimpa kitu kinachokaribia mraba, yeye anakunyooshea mraba. Mstari wao ukapita chini ya migomba ya baba, ukaiacha nyumba ya shangazi nje, hatua kama ishirini kuelekea bondeni. Wakaweka vigingi na kupaka rangi nyekundu kwenye miti iliyokuwa njiani.

Shangazi alinipigia kwa simu ya jirani. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na ndicho kinachoniuma zaidi.

"Mwanangu, kuna watu wamepaka mgomba wangu rangi, wanasema eti naishi msituni. Njoo uwasomee ile karatasi uliyoniandika, wamalize waondoke."

Nilikwenda. Ningeweza kusema shule ina mitihani, na kwa kweli ilikuwa na mitihani, lakini nilikwenda. Ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa. Shangazi alivaa kitenge chake cha kanisani. Pembeni yake alikaa mzee mmoja, wa mwisho kati ya wale majirani wawili walioitwa na babu, haoni vizuri lakini ana kumbukumbu ya kutisha. Baba alikaa mlangoni. Ofisa wa mradi, kijana mpole, aliamkia wazee wote mmoja mmoja, kisha akanipa fomu.

"Mwalimu, mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Soma," shangazi alisema. "Soma pale uliponiandika mimi."

Nikasoma. Mstari mmoja wa Kiingereza hauchukui muda hata wa kupiga chafya. Alisubiri, uso ameuweka vizuri kama mtu anayesikiliza jina lake likisomwa kanisani.

"Endelea."

"Imeishia hapo, shangazi."

"Na kwangu?"

Ofisa akaingilia, kwa upole wake uleule. "Bibi, hapa wamesema shamba lina umbo linalokaribia mraba. Kwako kumetokeza nje ya mraba."

"Mraba ndiyo nini?"

Akamchorea kwa kidole mezani, kwenye vumbi. Shangazi akainama akatazama kwa makini.

"Hili ni dirisha," akasema. "Mimi sijawahi kuishi dirishani."

Watu walicheka. Nami nilitaka kucheka. Kisha yule mzee akaeleza masale yote, moja baada ya jingine, kutoka barabarani mpaka kijitoni, pamoja na mbuzi aliyechinjwa siku hiyo na nani alipata kichwa. Alichukua karibu saa nzima. Hakuna aliyembishia, kwa sababu kila mtu mle ndani alijua kwamba anasema kweli. Ofisa alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema jambo ambalo nalisikia mpaka leo.

"Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini muda wa marekebisho umepita, na aliyesahau kuandika, imekula kwake. Njia iliyobaki ni moja. Kama sehemu hii iliachwa kwa makusudi, yaani aliyeandika alijua ipo na akaambiwa asiiandike, hilo ni lalamiko. Fomu inafutwa, familia inaitwa, tunaanza upya." Akanigeukia. "Mwalimu, ilikuwaje?"

Mlango wa kumwokoa ulikuwa wazi. Sihitaji kulipamba. Nilitakiwa kusema maneno mawili, niliambiwa nisimwandike, na shangazi angerudi nyumbani kwake akapike. Nilimtazama baba. Alikuwa anaangalia viatu vyake, na nikaona jinsi shingo yake ilivyokonda. Nikafikiria kijiji kizima kikimtazama mzee wa kanisa aliyemficha dada yake, nikafikiria mama, nikafikiria na mimi mwenyewe, mwalimu aliyemdanganya mwanamke aliyemlea. Sijui lipi lilikuwa na uzito zaidi. Ningependa kusema ni baba. Nadhani lilikuwa la mwisho.

"Nilisahau," nikasema.

Safari hii sauti ilishuka. Shangazi aliisikia.

"Umesahau," alisema, bila kupandisha sauti. Akakunja kitenge chake magotini, akakinyoosha, akakikunja tena. "Ile sehemu baba yangu hakuitoa kwa jina langu. Aliitoa kwa binti anayerudi. Wewe nawe ni binti wa pale. Siku ukirudi, utarudia wapi?"

Ofisa akaandika kitu kwenye daftari lake, akafunga kikao.

Bado nimeolewa, tena kwa mume mwema, nashukuru. Lakini tangu siku ile tukigombana, hata kama ni kwa sababu ya chumvi kwenye mboga, mimi ndiye ninayelegeza kwanza. Anadhani nimekomaa. Ananisifia kwa ndugu zake.

Shangazi aliibomoa nyumba yake mwenyewe. Nilikwenda na wanangu kusaidia, akanipangia kubeba mabati, akawapangia wao vyombo, akatuongoza kama kawaida yake, huyu apite huku, yule asikanyage maharage. Maharage ambayo yalikuwa yang'olewe wiki hiyohiyo. Baba alimjengea chumba nyuma ya jiko, chumba kizuri, cha tofali, na kila anayekwenda anaonyeshwa. Ule ulimi umepandwa miti. Nitakuwa mwongo mara ya tatu nikisema imepandwa vibaya. Imeshika, na wanasema maji ya kijito yameongezeka, na ndiva inajaa mapema kuliko zamani. Siku moja nilimwambia baba, tukiwa wawili, kwamba tulifanya dhambi. Aliniuliza kama nimeona dada yake amekosa chakula. Nikasema hapana. Akauliza basi dhambi iko upande gani. Kulikuwa na majibu mengi na sikutoa hata moja, kwa sababu mkono ulioandika ulikuwa wangu, na yeye alijua kwamba najua.

Krismasi iliyopita tulikuwa wote nyumbani, hata wadogo zangu walipanda kutoka Dar na wake zao. Tulitoka kanisani, tukakaa uani, wali na nyama vikagawiwa. Shangazi alipewa kiti karibu na baba. Amepungua sana. Alikula vijiko viwili vitatu, akaweka sahani chini.

"Mdogo wangu," alimwambia baba, "mtanizika wapi?"

"Dada, leo sikukuu."

"Ndiyo maana nauliza leo. Mpo wote."

"Utazikwa hapahapa. Ungezikwa wapi pengine?"

"Hapahapa wapi?"

Baba akanyoosha mkono wenye kijiko kuelekea kwenye migomba. "Pale. Maeneo yale."

Shangazi akainuka kwa fimbo yake. Hakuna aliyemsaidia, kila mtu alidhani mwingine atainuka. Akavuka ua taratibu, akafika kwenye migomba, akasimama kando ya shina la kwanza, akageuka.

"Hapa?"

"Karibu na hapo," baba alisema.

Akasogea hatua mbili. "Hapa?"

Wadogo zangu walikuwa wanaangalia simu zao. Mama aliita mjukuu aje achukue maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

"Mwalimu," shangazi aliniita kutoka kule, "wewe unajua kueleza. Ni hapa nilipo, au ni pale?"

Nilikuwa na wali mdomoni. Baba akajibu kwa niaba yangu, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Kama hapo, dada. Kama hapo hivi. Njoo ule, chakula kinapoa."

Hakuja. Tulimaliza kula akiwa amesimama palepale.